Land Cruiser 80 imenyanyuliwa inchi 2: usukani unatangatanga na haurudi wenyewe

GunguDereva (Kigoma)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa kitaalamu.

Gari ni Land Cruiser 80, injini 1HZ, limenyanyuliwa inchi 2 mbele na nyuma kwa springi ndefu. Matairi ni 285/75R16. Mikono ya eksili ya mbele, bushi zake na fimbo ya Panhard (inayozuia eksili isitembee kando) ni vya kiwandani. Kazi yake ni Kigoma kwenda Kasulu na Kibondo, na mara nyingine Uvinza, kwa hiyo lami kiasi, vumbi na rasta (matuta madogo madogo yanayofuatana) za kutosha.

Dalili ni hizi. Kwenye lami linatangatanga, unalirudisha kushoto na kulia muda wote. Ukitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mkono. Kwenye rasta, spidi ya 60 hadi 70, usukani unaanza kutetemeka hadi upunguze. Halafu likienda moja kwa moja usukani umekaa upande, umegeukia kulia kama robo ya mzunguko.

Limepelekwa alaimenti, wakasema tou (matairi ya mbele kufunga au kuachana kwa mbele) imekaa sawa. Hali ni ile ile. Nibadilishe shokapu ya stelingi au tatizo liko kwingine?

---

mzee wa timazi

Mkuu, mashine imekwambia kweli, lakini kwa kitu kimoja tu. Kwenye eksili ya kipande kimoja, fundi wa alaimenti ana tairodi (fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele) peke yake ya kuzungusha, yaani tou. Kemba (tairi kuinamia nje au ndani) imo ndani ya chuma cha eksili. Ikionekana imetoka kwenye kipimo, aidha beringi zimelegea au eksili imepinda. Kasta nayo, yaani kulalia nyuma kwa kingipini (mhimili ambao tairi hugeukia), haina nati ya kurekebishia. Na usukani kutorudi baada ya kona ni dalili ya kasta iliyokwisha.

Ilikwishaje? Mikono miwili ya mbele ya 80 imeshikwa kwenye chasisi nyuma ya eksili. Ukiinua chasisi, ncha ya nyuma ya mkono inapanda nayo, na kwa kuwa kila mkono umeibana eksili kwa bolti mbili, eksili nzima inabiringika: juu yake inakwenda mbele, pua ya difu (inapofungwa propela shafti) inainuka. Kingipini iliyokuwa imelalia nyuma inasimama wima. Hesabu yake: kimo ulichoongeza, gawa kwa urefu wa mkono kutoka bushi ya chasisi hadi katikati ya eksili, zidisha kwa 57. Kwa mfano mkono wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 5 ni digrii 3. Kiwandani 80 inatoka na kasta ya digrii 3, jumlisha au toa 1. Piga hesabu ujue umebaki na ngapi.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Unahitaji kipima pembe cha kidijitali chenye sumaku (cha simu kinasaidia kama umekilinganisha na timazi kwanza), ubao mfupi ulionyooka, chaki, grisi na vipande vya bati nene.

Chini ya kila tairi la mbele weka bati mbili zilizopakwa grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania sakafu. Matairi ya nyuma yainue kwa unene huo huo. Matairi yakiwa yamenyooka, chora mstari wa chaki sambamba na tairi. Kutoka ncha ya mstari pima sentimita 100, kisha sentimita 36.4 kwenda pembeni, unganisha: hiyo ni digrii 20. Fanya hivyo pande zote mbili za mstari. Mtu akanyage breki.

Simamisha ubao kwenye rimu, uguse ukingo wa juu na wa chini wa chuma, usiguse mpira wa tairi. Geuza tairi digrii 20 kuelekea nje ya gari, soma kemba. Geuza digrii 20 kuelekea ndani, soma tena. Juu ya tairi likiinamia nje ni chanya, likiinamia ndani ni hasi. Toa usomaji wa ndani kutoka usomaji wa nje, zidisha kwa 1.46. Hiyo ndiyo kasta ya tairi lile.

Mteremko wa sakafu wa kushoto na kulia unajifuta kwenye kutoa. Wa mbele na nyuma haujifuti. Kutoka eksili hadi eksili 80 ina milimita 2850, kwa hiyo tofauti ya sentimita 5 ni digrii 1 nzima. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi kupata usawa, ni sahihi kuliko macho.

---

Isevya_Eksili (Tabora)

Nakubaliana na mzee, ila kutetemeka kwenye rasta ni kesi nyingine, usizichanganye. Kasta ndogo inaleta kutangatanga. Mtetemo unaoanza baada ya kugonga kitu na kuendelea mpaka upunguze mwendo unatafuta kitu kilicholegea. Shokapu mpya ya stelingi itauficha kwa muda, na wakati huo kilicholegea kinazidi kulika. Iache iwe ya mwisho, na kwenye majaribio unaweza hata kuifungua.

Anza na upepo, kushoto na kulia sawa, ukiwa umepima matairi yakiwa ya baridi. Kisha gari likiwa chini kwa uzito wake, injini ikinguruma, mtu mmoja achezeshe usukani kushoto na kulia kama sentimita 10 tu, haraka haraka. Wewe lala chini uangalie kiungo kimoja kimoja: bushi mbili za Panhard, tairodi endi, ncha za draglinki (fimbo ya kutoka stelingi boksi kwenda kwenye tairi), stelingi boksi inapofungwa kwenye chasisi. Weka kidole pale vipande viwili vinapokutana, macho hayatoshi. Panhard ikicheza hata milimita 2, eksili nzima inatembea kando na hakuna kasta itakayokusaidia.

Baada ya hapo inua eksili kwa jeki, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu (soketi ya 54, na grisi mpya wakati uko huko). Mchezo ukibaki na breki imekanyagwa, ni beringi za kingipini. Hizi zinapuuzwa sana. Zinakazwa kwa kupunguza shimu (bati nyembamba za kujazia) chini ya vifuniko vyake: ukitoa shimu nyembamba, mkazo unaongezeka. Fungua tairodi na draglinki, funga mzani wa kuvutia kwenye mkono wa nako (kipande kinachogeuka pamoja na tairi), soma kilo zinazoanza kuugeuza, linganisha na kitabu cha gari. Nako inayogeuka kama bawaba iliyotiwa mafuta ndiyo chanzo cha mtetemo kwenye magari mengi ya namna hii.

Kama kuna mafuta yaliyochanganyika na grisi yanatoka kwenye duara la nako, sili ya ndani imekufa. Fanya kazi zote mbili kwa mkupuo, maana kufungua ni kule kule.

---

GunguDereva (Kigoma)

Nashukuru sana wakuu. Vipimo hivi hapa, gari likiwa tupu.

Tairi la kulia: nje +2.0, ndani +1.6. La kushoto: nje +2.1, ndani +1.6. Sakafu ya nyuma iko chini kuliko ya mbele kwa sentimita 2.

Bushi ya Panhard upande wa chasisi inacheza, inaonekana kwa macho. Kingipini upande wa kushoto ina mchezo hata breki ikikanyagwa. Tairodi endi ziko vizuri. Eksili imesogea upande kwa milimita 7, nimepima kwa timazi kutoka chasisi hadi rimu, kulia na kushoto.

---

mzee wa timazi

Vipimo safi. Kulia 0.4 mara 1.46 ni digrii 0.6. Kushoto 0.5 mara 1.46 ni 0.7. Sasa ondoa sakafu: nyuma ikiwa chini, pua ya gari imeinuka na kasta inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Sentimita 2 kwa 285 ni digrii 0.4. Kasta yako halisi ni kama 0.2 hadi 0.3. Hakuna gari la eksili hii litakalonyooka hapo.

Kulia na kushoto zinalingana, ni habari njema: eksili haijasokotwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Urefu wa nyuma nao unaingia kwenye kasta. Nyuma ikisimama juu kwa sentimita 5 kuliko mbele, umepoteza digrii 1 bila kugusa eksili. Ukipakia magunia, nyuma inashuka na kasta inarudi. Ndiyo maana gari lenye springi nzito za nyuma linatangatanga likiwa tupu na kutulia likiwa na mzigo. Kwa kuwa lako umelipima tupu, hicho ndicho kipimo kibaya zaidi utakachokutana nacho. Lenga digrii 3 hapo, ukiwa na mzigo utakuwa kwenye 3 na nusu au 4. Usivuke 5. Usukani unakuwa mzito, na mtetemo unarudi kwa njia nyingine.

Unahitaji kuongeza karibu digrii 3. Bushi za ofseti, zile zenye tundu lisilo katikati, huuzwa kwa digrii zake. Soma ya kwako inatoa ngapi kabla ya kulipa. Ukipata za digrii 2 utafika 2.3, bado iko ndani ya kipimo cha kiwanda, na gari litanyooka.

Kosa linalorudiwa kwenye kazi hii ni upande wa tundu. Bolti mbili za mkono zimekaa moja mbele ya eksili na moja nyuma yake. Unataka juu ya eksili irudi nyuma, maana yake upande wa mbele uinuke na wa nyuma ushuke. Kwa hiyo tundu la bushi ya mbele liwe juu, la bushi ya nyuma liwe chini. Ukigeuza, unapunguza digrii 2 nyingine na kuingia kwenye hasi, gari linakuwa la hatari kabisa. Weka alama ya rangi kwenye mkono kabla haujaingia kwenye presi.

Presi isukume ganda la nje la bushi, kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake, isisukume raba. Fungua mkono mmoja kwa wakati ili eksili isibiringike. Chasisi iwe juu ya stendi, eksili juu ya jeki, na jeki ndogo chini ya pua ya difu ya kusaidia matundu kukutana. Bolti zipitishe tu. Kukaza kwa mwisho ni gari likiwa chini kwa matairi yake na limetikiswa mara kadhaa. Ukikaza eksili ikiwa inaning'inia, raba imeshasokotwa kabla ya safari na itachanika mapema.

Chagua raba. Bushi ngumu za plastiki hazikubali eksili kujipinda unapovuka korongo kwa mshazari, na nguvu hiyo inaishia kwenye mabano ya eksili, yanapasuka kwenye welding.

---

KasuluKwaKasi

Kwa digrii 3 na barabara hizi mimi ningekwenda kwenye mabano ya kushusha, yale yanayoteremsha ncha ya nyuma ya mkono kwenye chasisi. Ukiishusha milimita 50, mkono unarudi kwenye pembe ya kiwandani na kasta yote inarudi, bila presi, bila kubahatisha upande wa tundu. Bushi zako zikiwa nzima unazitumia hizo hizo.

---

Isevya_Eksili (Tabora)

Inarudi kweli, na gari linatulia zaidi ukifunga breki kwa sababu mikono imelala. Lakini umeweka chuma kinachoning'inia milimita 50 chini, mahali pale pale jiwe linapopita baada ya tairi. Halafu bano refu ni wenzo: kila rasta inalivuta mbele na nyuma kwenye matundu ya chasisi. Anayeliweka aweke na kiungo cha kuunganisha mabano ya kushoto na kulia, na arudi kukaza baada ya kilomita 500. Kama anapita kwenye mawe ya milimani, bushi. Kama ni lami na vumbi la kawaida, mabano yanafaa.

Njia zote mbili zina bei moja msiyoitaja: propela shafti. Kingipini na pua ya difu ziko kwenye chuma kimoja. Ukirudisha kasta, pua inashuka, wakati giaboksi imebaki juu kwa milimita 50. Pembe ya krosijointi inazidi. Inchi 2 kwa kawaida haileti shida, inchi 3 na kuendelea ndipo shafti inaanza kulia.

Namna ya kujua kama mlio ni wa shafti ya mbele: habu zikiwa za kufungwa kwa mkono, ziache huru halafu endesha, shafti haizunguki. Mlio ukibaki, tafuta kwingine. Kama lako ni la magurudumu manne muda wote, toa shafti ya mbele, funga difu ya kati, uendeshe kidogo.

---

GunguDereva (Kigoma)

Nimeelewa. Nakwenda na bushi za raba za ofseti, bushi mpya za Panhard na beringi za kingipini pande zote mbili. Hizo milimita 7 za eksili je? Na usukani uliokaa upande? Kuna fundi ananishauri tuutoe usukani tuurudishe ukiwa umenyooka.

---

mzee wa timazi

Usikubali usukani utolewe. Stelingi boksi imetengenezwa iwe imekaza katikati ya mzunguko wake, na pembeni ina nafasi kidogo. Ukinyoosha usukani kwa kuutoa, boksi inabaki nje ya katikati, unaendesha kwenye sehemu yenye mchezo na tena kona ya upande mmoja inakuwa fupi.

Milimita 7 ni za Panhard. Fimbo hiyo imeinama, na kadiri chasisi inavyopanda inainama zaidi, upana wake wa mlalo unapungua, eksili inavutwa kuelekea upande fimbo ilikoshikwa kwenye chasisi. Fimbo ya sentimita 85 iliyokuwa imeinama kwa sentimita 10 ikifikia 15 inavuta milimita 7 hivi, kwa hiyo kipimo chako kinaeleweka. Milimita 7 hazitalivuta gari. Ukitaka kuziondoa, fimbo yenye nati ya kurekebisha inatosha. Usihamishe tundu la fimbo kwenye eksili: Panhard na draglinki lazima zibaki sambamba. Zikiachana, kila shimo utakaloingia litageuza usukani.

Mpangilio wa kazi una maana hapa, maana kila hatua inaharibu ile inayofuata. Kwanza kingipini na bushi zote. Pili kasta. Tatu Panhard, eksili ikae katikati. Nne tou. Usukani mwisho kabisa.

Tou ya 80 inapimwa hivi. Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi, kwa nyuma, kwenye kimo cha habu. Pima umbali kati ya alama mbili. Sukuma gari mbele nusu mzunguko ili alama zile zile zije mbele kwenye kimo kile kile, pima tena. Mbele iwe ndogo kwa milimita 2 hivi. Kutumia alama zile zile kunaondoa kosa la rimu iliyopinda. Ukirudisha gari nyuma kidogo katikati ya kazi, anza upya, kwa sababu viungo vinapumzika upande wa pili.

Tairodi ya 80 iko nyuma ya eksili. Ukiirefusha, sehemu za nyuma za matairi zinasukumwa nje na za mbele zinafunga. Anayezoea magari yenye tairodi mbele ya eksili anageuza kinyume. Na zungusha kidogo sana: kwenye mkono wa stelingi wa sentimita 18 na tairi la kipenyo cha sentimita 83 kama lako, milimita 1 ya fimbo inabadilisha tou kwa zaidi ya milimita 4. Geuza kidogo, sukuma gari, pima.

Halafu draglinki. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka kushoto mwisho hadi kulia mwisho ukiwa umefungua ncha ya draglinki, gawa kwa mbili, simamisha hapo. Matairi yanyooke. Rekebisha urefu wa draglinki hadi ncha iingie yenyewe. Kaza klampu, hakikisha bolti zake hazigusi eksili ukikata kona mwisho. Robo mzunguko wa usukani uliokuwa nao unaondolewa hapa.

Ukijaribu, tafuta barabara isiyo na mgongo. Huku tunaendesha kushoto na barabara imeinamia mtaro, gari lolote litakwenda kushoto taratibu. Likivuta sana, badilishana matairi ya mbele kulia na kushoto kabla ya kulaumu kasta.

Na ukiwa chini, angalia mpira wa breki wa mbele eksili ikiwa imening'inia, usiwe umenyooka kama uzi. Nyuma kuna valvu ya breki inayosoma mzigo kwa fimbo. Ukinyanyua gari bila kuirekebisha, inadhani gari ni tupu siku zote na breki za nyuma zinafanya kazi nusu.

---

Kaliua_Mchanga

Samahani kuingilia, mkuu. Hardtop ya zamani yenye springi za mabamba mbele, imewekewa shakoli (viungo vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi) ndefu, nayo inatangatanga. Haina mikono wala Panhard. Kasta inaongezwaje?

---

Isevya_Eksili (Tabora)

Angalia kwanza shakoli ziko upande gani wa springi. Zikiwa mbele, kuzirefusha kunashusha ncha ya mbele ya springi, eksili inabiringikia mbele, kasta inapungua na pua ya difu inainuka. Hilo huenda ndilo lako. Zikiwa nyuma, kurefusha kunaongeza kasta, na tatizo utalitafuta kwenye pini na bushi za springi.

Kabla ya yote rudisha shakoli za kimo cha kawaida, kimo utakitafuta kwenye springi zenyewe. Ikibaki pungufu, tumia kabari za chuma, digrii 2 au 4, kati ya springi na kiti chake kwenye eksili. Upande mnene unategemea springi imekaa wapi. Springi ikiwa chini ya eksili, unene uwe mbele. Springi ikiwa juu ya eksili, unene uwe nyuma. Kwa hali zote mbili unataka pua ya difu ishuke.

Kabari za alumini kwenye rasta zinapondeka, U-bolti zinalegea, pini ya katikati ya springi inakatika na eksili inateleza nyuma ukiwa kwenye mwendo. Chuma tu. Pini ya katikati iwe ndefu kwa unene wa kabari ili kichwa chake kiingie kwenye tundu lote. U-bolti mpya, kaza kwa mshazari gari likiwa chini, ukaze tena baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500.